Shehena ya Livingstone Iliyoliwa Ujiji

Katika karne ya 19, mzigo ulioagizwa Unguja ulifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa mabega ya wapagazi, baada ya miezi njiani, na usalama wake ulitegemea uaminifu wa msimamizi. Mpelelezi Mskoti David Livingstone aliagiza vitu kupitia John Kirk wa ubalozi wa Uingereza Unguja. Kirk akamtumia mfanyabiashara wa Kihindi, Ludha Damji. Msimamizi wa shehena hiyo, Sherif, alikuwa fundi cherehani.

Livingstone alirudi Ujiji kutoka nchi ya Manyema, magharibi ya ziwa, tarehe 23 Oktoba 1871. Katika yadi 3,000 za kitambaa cha merikani haikubaki hata moja, wala uzi wa shanga katika ratili 700. Sherif alikuwa amepiga ramli kwa Kurani, akaamua mwenye mali amekufa, akauza vyote. Bila haya, alikuja kumpa Livingstone mkono na akanuna aliponyimwa.

Waarabu wa mji walisema walimkanya Sherif. Mmoja wao, Said bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake za ndovu ili amsaidie mgeni. Livingstone alimlalamikia Kirk kwa barua, na mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyefika Ujiji baadaye, akamshutumu Kirk hadharani. Lawama hiyo ilipita kiasi: Kirk alikosea kuchagua watu, lakini mwizi alikuwa Ujiji.