Herufi Tatu Kwenye Kijitabu cha Kliniki

Kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto wangu, pale wanapojaza alizaliwa vipi, kuna herufi tatu: SVD. Kwa miezi kadhaa nilidhani ni jina la sindano. Siku moja ya chanjo nikamuuliza nesi, akaniambia hiyo S inamaanisha mambo yalienda yenyewe, bila kisu wala mashine. "Ulizaa kawaida, mama. Shukuru."

Sawa, nashukuru. Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimelala chali, dripu ya kuongeza uchungu mkononi tangu saa sita usiku, na kila nikitaka kuinuka naambiwa nitulie. Nilikatwa njia bila kuambiwa, nikajua wakati wa kushonwa. Kilichoenda chenyewe pale ni mtoto kulia, basi.

Kiswahili kina maneno mawili hapa na hayafanani. Kujifungua: mama ndiye mtendaji, kama mtu anayefungua fundo lake mwenyewe. Kuzalishwa: unatendewa. Tunaondoka nyumbani tukisema tunaenda kujifungua, tunarudi tukimtaja aliyetuzalisha. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, mtoto hataki kulala usiku, simu ina bando. Nikaanza kusoma hii "uzazi wa asili" ilitoka wapi hasa.

Jina lilipata umaarufu kutoka Uingereza. Mwaka 1933 daktari anayeitwa Grantly Dick-Read alichapisha kitabu, Natural Childbirth, yaani huo huo uzazi wa asili. Kwa wanawake wenye pesa kule, dawa ya usingizi wakati wa kuzaa ilikuwa jambo la kawaida. Malkia Victoria alipewa klorofomu tangu 1853. Dick-Read akasema adui ni woga. Woga unakaza misuli, misuli iliyokaza inauma, maumivu yanaongeza woga. Hapo hakukosea sana. Tatizo ni shahidi wake. Alimchora mwanamke "asiyestaarabika" anayejitenga kichakani, anajifungua kimya kimya, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Safari yake ya kuzunguka Afrika kutazama wanawake wakizaa aliifanya miaka ya 1950, wakati kitabu kilikuwa kimeshauzwa na mwanamke wa kichakani ameshakuwa maarufu.

Na huku kwetu? Mwaka 1926 Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, alikuwa ameanzisha nyumba ya uzazi Pumwani, Nairobi, kwa ajili ya wanawake Waafrika. Serikali ya kikoloni ilitaka watoto wengi wapone, na nia haikuwa huruma tupu, maana mashamba na reli vilihitaji vibarua. Mkunga wa kijijini akaonekana uchafu na ushirikina. Kwa hivyo ndani ya miaka ile ile, mwanamke mmoja alipewa kazi mbili. London alikuwa mfano wa kuzaa vizuri. Nairobi alipaswa kuokolewa kutokana na namna anavyozaa. Hakuna aliyemuuliza kama inauma. Wangeuliza hata lugha tu, maana Kiswahili kinaita kitu chenyewe uchungu.

Shosho wangu alizaa wanane, wote nyumbani, amepiga magoti ameshika nguzo, mkunga nyuma yake amemshika kiuno. Anasimulia akicheka, mpaka afike kwa wa tano. Huyo alikwama siku mbili. Mtoto hakupona, na shosho mwenyewe alibaki kwa bahati. Kwa hivyo mtu akiniambia turudi kwa asili, mimi namuuliza kuhusu wa tano.

Dawa ya wa tano ilikuwepo, na ilikuwa karatasi. Mwaka 1972, Salisbury ya Rhodesia, leo Harare, madaktari Philpott na Castle walichapisha mchoro wa kufuatilia mama aliye katika uchungu. Walikuwa wanawafikiria wakunga wa vituo vidogo visivyo na daktari, ambao lazima wajue ni saa ngapi gari liitwe. Unaandika mama amefunguka sentimita ngapi, unaweka alama kwenye saa. Mstari wa kwanza, sentimita moja kwa saa, ni wa tahadhari. Wa pili, saa nne mbele, unasema fanya kitu sasa. Kalamu na karatasi tu! Mwaka 1987 mkutano wa kimataifa uliokaa hapa Nairobi ulianzisha kampeni ya uzazi salama, na Shirika la Afya Duniani likaichukua karatasi hiyo. Utafiti wake wa wanawake zaidi ya 35,000 Asia ya Kusini-Mashariki, uliochapishwa 1994, ulionyesha uchungu wa kupita kiasi umepungua. Shosho angekamatwa na ule mstari siku ya kwanza.

Lakini mstari wa kuitia gari ukifika kwenye wodi iliyojaa unageuka ratiba. Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka 2014 karibu watoto 6 kati ya 10 Kenya walikuwa wanazaliwa hospitalini. Kufikia 2022 walizidi 8. Nesi mmoja, vitanda kumi, mwingine anasubiri kwenye benchi. Ukichelewa kufunguka, dripu. Simlaumu aliyekuwa zamu usiku wangu, alikuwa anakimbia kweli kweli. Ila angeniambia kabla ya kukata.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba sentimita moja kwa saa haiwafai wanawake wote, mama mzima asiharakishwe kabla ya sentimita 5, asikatwe kwa mazoea, achague atakavyokaa, na awe na mtu wake kando. Nilipoisoma nilikumbuka wiki nilizokuwa nakalia paja moja.

Sasa nina miezi saba tena. Hospitali ni ile ile, karibu na nyumbani, na wana damu na chumba cha upasuaji. Kliniki iliyopita nilimuuliza nesi kama nitaruhusiwa kupiga magoti. Akacheka, akaniangalia, akaona sitanii. "Inategemea nani yuko zamu, mama," akasema. Kisha akachukua kalamu na kuandika kitu pembeni ya ukurasa, kwa mwandiko ambao bado sijaweza kuusoma.