Mtoto akiumwa kichwa, lini umpeleke kwa daktari bingwa?
Mara nyingi kichwa cha mtoto huuma kwa sababu ya homa, njaa, kiu au kukosa usingizi. Akiwa na homa, apimwe malaria. Usimpe aspirini, inaweza kumdhuru ini na ubongo.

Tunasisitiza: usisubiri kesho ikiwa shingo imekakamaa, amepata degedege, amechanganyikiwa, upande mmoja wa mwili umelegea, au maumivu yameanza baada ya kuanguka. Mpeleke hospitali mara moja.

Maumivu yanayomwamsha usiku, yanayokuja asubuhi pamoja na kutapika, yanayozidi kila wiki, au yanayomfanya aone vibaya au ayumbe, yanahitaji daktari bingwa haraka. Kituoni omba rufaa, na ueleze maumivu yalianza lini na huja saa ngapi.