Tani 27 za Shimba

Simulizi linalorudiwa vitabuni ni fupi: Wadigo wa pwani ya Kenya walitibu saratani kwa mti wa Milima ya Shimba, huko Kwale, *Maytenus buchananii*, wageni wakaja miaka ya 1970, wakakata zaidi ya tani 27, wakaondoka na siri. Tani hizo sizibishii. Lakini je, msako ulianzia Shimba kweli?

Nikaifuata kemikali iliyotafutwa ndani ya mti huo, maitansini, hadi ripoti ya 1972 iliyoitangaza. Sampuli ya kwanza ilitoka Ethiopia, kwenye mmea wa jenasi hiyohiyo, uliokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika mpango wa kujaribu mimea ya kila aina dhidi ya saratani. Basi Kwale iliingiaje? Mmea wa Ethiopia ulitoa takriban miligramu 0.2 kwa kilo; wa Shimba, kama 1.5. Mavuno hayo yanatosha kueleza safari. Wadigo kuutumia mti ni jambo moja. Matumizi hayo kuwaongoza watafiti ni jambo lingine, linalodai ushahidi wake. Ila nani aliwaonyesha kwamba mmea wa Ethiopia una nguvu?

Seli. Dondoo lake lilijaribiwa kwenye seli za maabara zilizoitwa KB, zikidhaniwa ni za saratani ya mdomo. Hapa kumbukumbu zikanitia shaka: KB ziligundulika kuwa HeLa, seli za saratani ya shingo ya kizazi zilizovamia vyombo vya maabara nyingi. Jina lilikosewa, lakini seli zilikufa kweli, na panya wenye lukemia walirefushiwa maisha. Maitansini hunata kwenye protini ya tubulini, seli ikashindwa kujigawa. Je, kinachoua seli kwenye kisahani ni dawa?

Hapana, si hivyo tu: dawa sharti ipatikane na ivumilike. Piga hesabu: tani 27 kwa miligramu 1.5 kila kilo hazifiki gramu 41. Na wagonjwa wa majaribio walitapika, wakaharisha, wakadhoofika, huku uvimbe ukipungua kwa wachache mno. Njia ikakatika. Nilikuwa karibu kufunga jalada nilipokuta ripoti ya Japani ya 1977: bakteria nao hutengeneza kemikali za ukoo huo. Baadaye wakaonekana wengine ndani ya mizizi ya mimea ya jamii ya mti huu. Yawezekana mti ni jiko tu, na mpishi ni mwingine?

Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti: kemikali ya ukoo wa maitansini iliyofungwa kwenye kingamwili inayoipeleka hadi seli zenye protini nyingi ya HER2. Malighafi yake hutoka kwa bakteria wa kukuzwa, si msituni. Hukumu yangu: siri haikuanzia Shimba, lakini mti uliokatwa ulikuwa wa Shimba, na historia ya dawa hii isiyoitaja Kwale ni pungufu.