Hasira za Mbali

Wazanzibari wawili wamewahi kuyatia hasira magazeti ya Marekani, na hasira zenyewe zilikwenda njia mbalimbali. Wa kwanza, Ahmed Khalfan Ghailani, alishitakiwa New York kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Novemba 2010 wazee wa baraza walimtia hatiani kwa shitaka moja tu katika mashitaka zaidi ya 280, na baadhi ya magazeti yakalalamika kuwa mahakama imelegea. Shitaka hilo moja lilimpa kifungo cha maisha.

Wa pili, ambaye ndiye ninayemkusudia, ni Suleiman Abdullah Salim, mvuvi na mchuuzi wa Mji Mkongwe. Alikamatwa Mogadishu Machi 2003, akatiwa mikononi mwa Wamarekani, akapelekwa Afghanistan katika jela ya siri ya CIA, kisha Bagram. Hakushitakiwa kwa lolote. Mwaka 2008 alirejeshwa na karatasi isemayo kuwa yeye si tishio kwa majeshi ya Marekani. Miaka mitano, halafu karatasi! Kwetu hata aliyemgonga mbuzi wa jirani kwa baiskeli humwendea mwenyewe akamtaka radhi.

Kelele juu yake zilikuja kwa kuchelewa. Desemba 2014 Kamati ya Seneti ilitoa muhtasari wa ripoti yake, na jina lake likawamo. Oktoba 2015 wanasheria wa ACLU walifungua kesi. Hapo ndipo dunia iliposoma khabari za giza, muziki usiozimwa, maji ya barafu, minyororo na sanduku alimofungiwa.

Na sisi je? Katika magazeti niliyokuwa nikisoma hapa Amani, miaka ile sita baada ya kurudi kwake, sikumkuta hata kwa herufi ndogo. Wengine husema ni woga wa sheria ya ugaidi ya 2002. Mimi naona ukimya wetu ni mkongwe kuliko sheria hiyo. Tangu 1964, na zaidi baada ya kuuawa Mzee Karume mwaka 1972, watu walichukuliwa usiku; waliorudi walipewa mkono, wakaulizwa afya, kisha mazungumzo yakageuzwa. Hakuna aliyeuliza ulifanywa nini. Na akishaondoka, mtu barazani atanong'ona: lisemwalo lipo. Kwa neno hilo aliyeachiwa huhukumiwa mara ya pili, na safari hii hana wakili.

Kwa hiyo siwacheki wageni kwa kuchelewa. Hasira yao ilimfikisha mahakamani. Ukimya wetu haukumfikisha popote. Lakini nayo ilikuwa na mpaka wake. Walioshitakiwa ni wanasaikolojia James Mitchell na Bruce Jessen, walioibunia CIA njia zile na ambao kampuni yao ililipwa zaidi ya dola milioni 80. Agosti 2017, wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa Spokane, pande mbili zilipatana. Wawili hao walisema kuwa yaliyompata Suleiman ni ya kusikitisha, ila yalitendwa bila ya wao kujua. Kiasi cha fedha hakikutangazwa. Magazeti yakaandika siku mbili tatu, yakahamia kwengine.