Tunagawana Bomba, Hatugawani Neno

Hapa Wandegeya chumba kimoja cha kupanga wanakiita muzigo. Sisi wa Kiswahili tukisikia jina hilo mara ya kwanza tunacheka, maana mizigo tuliibeba ya kutosha njiani. Vyumba viko safu moja, na wapangaji wote wana uwanja mmoja, bomba moja, choo kimoja. Ukiteremka bondeni Katanga, kati ya Makerere na hospitali ya Mulago, jirani akikaanga pilipili, wewe ndiye unayepiga chafya.

Kumbe kuna watu waliochagua kukaribiana hivi kwa hiari. Kule Denmark, mwaka 1964, msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer na marafiki zake walianza kupanga nyumba za kuzunguka uwanja mmoja. Mwaka 1967 Bodil Graae akaandika gazetini kwamba mtoto anatakiwa awe na wazazi mia. Mwaka 1972 watu wakahamia Sættedammen: nyumba 27, kila moja na mlango wake na jiko lake, na nyumba moja ya wote. Hawakuwa maskini. Walichoka na upweke, walitaka kazi ya jiko isimwangukie mama peke yake, na mambo ya wote yaamuliwe na wote.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu tu. Huko Ruvuma, kusini mwa Tanzania, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walilima pamoja na kuamua mambo yao mkutanoni. Wengine wakafuata, hadi vijiji vikafika 17 hivi katika umoja wao, Ruvuma Development Association. Nyerere mwenyewe aliwasifu. Lakini Septemba 1969 wakubwa wa chama waliuvunja umoja huo na mali yake ikachukuliwa. Miaka michache baadaye mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini kwa amri. Walikaa pamoja, ndiyo, lakini neno hawakuwa nalo.

Basi kinachowavuta watu kwenye maisha ya pamoja si uwanja. Uwanja hata sisi tunao. Ni ile haki ya kusema na kusikilizwa. Kwenye muzigo landilodi ndiye anayepanga kodi, saa ya kufunga geti, na nani alipe maji kiasi gani. Sisi tuna likelemba yetu, tuna mama mmoja anayewaangalia watoto wa safu nzima, lakini kikao hatuna. Mkimbizi anaogopa: ukiitisha kikao, kesho utaambiwa utoe vitu vyako nje. Hofu hiyo si ya bure, Litowa inatuonyesha.

Hata hivyo tunaweza kuanzia padogo. Bili ya maji ikija, tuisome pamoja, safu nzima, kabla mtu yeyote hajatoa pesa.