Kasi ya kwanta ina kikomo

Majuzi nilikesha nikisubiri programu yangu iliyokuwa ikijikokota kama kobe, nikajiuliza: hata tukiwa na tarakilishi bora kuliko zote, kasi itakomea wapi?

Jibu la kwanza ni la mwaka 1945. Leonid Mandelstam na Igor Tamm wa Muungano wa Kisovieti walionyesha kwamba mfumo wa kwanta hauwezi kubadilika papo hapo. Muda wa chini kabisa hutegemea jinsi nishati yake inavyotawanyika. (Maskini Mandelstam alifariki Novemba 1944, hakuiona makala ikichapishwa.) Mwaka 1998 Norman Margolus na Lev Levitin wakaongeza kikomo cha pili, cha wastani wa nishati. Kwa jouli 1 huwezi kupita takriban hatua 6 zenye sifuri 33 kwa sekunde. Hebu ziandike hizo sifuri uone!

Sasa hapa ndipo penye utamu. Hesabu hizo zilikuwa za mfumo uliofungiwa peke yake, ilhali biti ya kwanta halisi huvujisha habari kwa mazingira. Mwaka 2013 makundi matatu yalitoa vikomo vya mifumo iliyo wazi: nguvu ya mazingira nayo huamua kasi. Sebastian Deffner na Eric Lutz wakaonyesha kwamba mazingira yenye kumbukumbu, yanayorudisha sehemu ya kilichovuja, yaweza hata kuharakisha mabadiliko.

Mimi nilidhani kelele huchelewesha tu! Ila tusishangilie mapema, kwani mabadiliko hayo ya haraka yaweza kuwa ndiyo data yako inayofutika.