Moshi Usiokereketa Koo

Baba yangu alilima tumbaku ya mvuke Urambo, mkoani Tabora, kwenye ardhi iliyoingia tumbaku baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa. Nimekulia mabanini, yaani kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku: kuchochea kuni usiku kucha, kuchungulia kipimajoto, na asubuhi kulikuta jani limekuwa na rangi ya ndimu mbivu. Hakuna aliyetuambia ufundi ule ulitoka wapi. Nilikuja kuujua ukubwani, baada ya kuhamia Durham, North Carolina, kwani wilaya ya Caswell ulikozaliwa haiko mbali na hapa ninapoishi.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, katika shamba la Abisha Slade, mtumwa mhunzi aliyeitwa Stephen alikuwa akilinda moto wa bani. Usingizi ukampitia, moto ukafifia. Aliposhtuka alikimbilia mkaa wa uhunzi wake na kuutupia motoni. Joto kali na kavu likaligeuza jani kuwa la njano inayong'aa. Aliyetajirika ni Slade.

Moshi wa jani hilo una tabia yake. Sukari inayobaki ndani huupa uchachu kidogo, nao haukereketi koo. Ule wa kiko au wa sigaa nzito ni mkali, mtu huuzungusha mdomoni na kuutoa. Huu wa njano hushuka hadi mapafuni, na kutoka huko nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu. Kwangu mimi, habari yote ya vijana na tumbaku inaanzia hapo, kwa sababu mtoto hawezi kudumu na kitu kinachomchoma koo.

Kilichobaki kilikuwa bei. Mwaka 1881 James Bonsack alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara. James Buchanan Duke, kijana wa hapa hapa Durham, akaiingiza kiwandani kwake, ikatoa sigara zipatazo 120,000 kwa siku, wakati msokotaji wa mkono alitoa elfu chache. Ndani ya pakiti Duke alitia kadi za picha, na wavulana wakazikusanya kwa pupa. Mwaka 1902 akawa mwenyekiti wa kwanza wa British American Tobacco, na kufikia 1907 kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutia nanga Mombasa. Magharibi ya hapa, Winston-Salem, kampuni ya R.J. Reynolds ilikuja kumtumia ngamia wa katuni, Joe Camel, kutangaza sigara zake za Camel kuanzia 1988 hadi 1997. Nikiziweka kadi zile na ngamia yule pamoja, siwezi kuamini kwamba watoto walivutiwa kwa bahati mbaya.

Kisha ikaja Juul, sigara ya kielektroniki, mwaka 2015, kutoka San Francisco. Sigara za namna hiyo zilikuwepo kabla yake, lakini nikotini iliyokuwamo, ikiwa nyingi, ilichoma koo. Juul waliichanganya na asidi ya benzoiki, ukali ukapungua, na nikotini nyingi ikapita bila kikohozi. Niliposoma hilo nililikumbuka jani la Caswell: ni uchachu ule ule, safari hii umetoka maabara. Mimi hufanya usafi katika shule ya sekondari, na miaka ile tulifagia vyooni vibweta vidogo vya Juul vyenye harufu ya embe. Wanafunzi wa sekondari Marekani waliokuwa wakivuta sigara za kielektroniki walipanda kutoka asilimia 11.7 mwaka 2017 hadi 27.5 mwaka 2019. Mwaka huo North Carolina ikawa jimbo la kwanza kuishtaki Juul, na shauri likafunguliwa Durham, mji wa Duke. Juni 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 40.

Je, watoto hao huhamia sigara za moto? Mwaka 2015 watafiti walichapisha habari za wanafunzi wa Los Angeles wa miaka kama 14, ambao hawakuwahi kuvuta tumbaku ya kuwashwa. Waliokuwa wamejaribu za kielektroniki ndio walioelekea zaidi kuanza sigara, sigaa au shisha mwaka uliofuata. Mwaka 2018 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zikasema ushahidi wa kuelekea huko ni mzito. Lakini wapo wanaojibu kwamba kijana mwenye hamu ya kujaribu atajaribu vyote, na hoja yao ina uzito pia: wanafunzi wanaovuta sigara za kawaida walishuka kutoka asilimia 15.8 mwaka 2011 hadi 5.8 mwaka 2019, ikiwemo miaka ile ya ladha za embe na mnanaa. Mtoto mmoja mmoja yumo hatarini zaidi, na taifa kwa jumla likawa linaiacha sigara. Nayakubali yote mawili.

Ninachokataa ni kuifanya sigara kuwa kipimo pekee. Mama mmoja wa kwetu, ambaye mwanawe anavuta za kielektroniki, aliniuliza kanisani, "Kaka, huyu mwanangu ataishia kwenye Camel?" Nikamwambia, "Mama, huenda asifike huko kamwe. Ila muulize kama anaweza kumaliza vipindi viwili asubuhi bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Akishindwa, tumtafutie daktari sasa, tusisubiri sigara."